Maswali ya Wasomaji: Njia ya Mkato ya Pakiti Ndani ya Ruta

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji walioondoa programu ya kiwandani kwenye ruta zao, wakaweka OpenWrt, programu huria ya ruta inayotumia Linux, au toleo walilojijengea wenyewe, na sasa wanataka ruta hizo zisukume pakiti kwa kasi zaidi. Nimechagua barua saba, nikazipanga kwa namna ambayo jibu la kwanza litatufaa katika majibu yanayofuata.

Swali: Nina laini ya gigabiti moja. Kwa programu ya kiwandani ruta yangu ilikuwa ikikaribia kasi hiyo, lakini tangu niweke OpenWrt sipati hata nusu yake. Milango ni ileile na waya ni uleule. Je, OpenWrt ni nzito, au kuna mahali nimekosea?

Jibu: Hujakosea, wala OpenWrt si nzito. Kilichobadilika ni njia ambayo pakiti inapita ndani ya ruta yako, na ukiielewa njia hiyo utakuwa umeelewa karibu kila kitu kitakachosemwa katika ukurasa huu.

Tuifuate pakiti moja. Inafika kwenye mlango wa nje, kiendeshi cha kadi ya mtandao kinaipokea na kuikabidhi keneli ya Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa ruta. Keneli inatazama kwenye orodha yake ya miunganisho ili ijue kama pakiti hiyo ni ya mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Kisha inabadilisha anwani ya IP na namba ya mlango kwa sababu ya NAT (utaratibu wa kompyuta zote za nyumbani kutumia anwani moja ya nje), inaangalia jedwali la njia ili ijue pakiti itokee wapi, inaipitisha kwenye sheria za ngome (firewall) moja baada ya nyingine, inatafuta anwani ya MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao, ya kompyuta inayoisubiri, inaipanga kwenye foleni, na hapo ndipo inapotoka. Kazi yote hiyo hurudiwa kwa kila pakiti, hata kama faili unalopakua limekwisha kuleta pakiti laki moja zilizotoka mahali pamoja, zinakwenda mahali pamoja, na zote zilipewa jibu lilelile.

Sasa tazama muda uliopo. Fremu ya Ethernet iliyobeba pakiti ya baiti 1500 inachukua baiti 1538 kwenye waya, ukijumlisha ishara zake za utangulizi, kichwa chake, hakiki yake na nafasi ya lazima kati ya fremu na fremu. Kwa gigabiti moja kwa sekunde, fremu kama hizo ni takriban 81,000 kila sekunde, yaani ruta inapata mikrosekunde 12 na kidogo kwa kila moja. Prosesa ya megahezi 880, kama ile iliyo ndani ya chipu ya MT7621 ambayo imetumika katika ruta nyingi za nyumbani, ina mizunguko isiyofika 11,000 katika muda huo, na kila safari ya kwenda kusoma RAM inakula sehemu ya mizunguko hiyo. Zikija fremu ndogo kabisa za baiti 64, idadi inapanda hadi takriban 1,488,000 kwa sekunde, na prosesa hiyohiyo inabaki na mizunguko chini ya 600 kwa kila fremu. Hapo hakuna ngome wala NAT itakayofanyika kwa njia ndefu.

Watengenezaji wanalijua jambo hili, ndiyo maana chipu nyingi za ruta zina sakiti ya pembeni ambayo kazi yake ni kukumbuka majibu. Pakiti za mwanzo za muunganisho zinapita kwenye prosesa. Prosesa ikishaamua, inaiandikia sakiti ile kwamba pakiti zenye anwani fulani na namba fulani za mlango zibadilishwe hivi na zitokee pale. Na kuanzia hapo prosesa haizioni tena. Programu ya kiwandani huja ikiwa imewasha sakiti hiyo. OpenWrt, kwa tahadhari ambayo mimi naiunga mkono, inaiacha imezimwa mpaka mwenye ruta aamue.

Keneli ya Linux yenyewe ilipata njia ya mkato ya namna hiyo katika toleo la 4.16 la mwaka 2018, kupitia kile ambacho nftables, zana ya ngome ya Linux, inakiita flowtable, nami nitakiita jedwali la mikondo. Muunganisho ukishakubaliwa na ngome, keneli inauandika kwenye jedwali hilo. Pakiti inayofuata ya muunganisho huo inakamatwa pale tu inapoingia, anwani zake zinabadilishwa, thamani yake ya TTL (hesabu ya ruta inazoruhusiwa bado kupita) inapunguzwa kwa moja, na inatumwa moja kwa moja kwenye mlango wa kutokea bila kugusa sheria za ngome wala jedwali la njia. Kazi bado ni ya prosesa, lakini ni sehemu ndogo ya kazi ya awali. Chipu ikiwa na sakiti ya pembeni na kiendeshi chake kinaifahamu, jedwali hilohilo linaweza kukabidhiwa sakiti.

Kuwasha ni mistari miwili katika faili la `/etc/config/firewall`, ndani ya sehemu ya `defaults`: `option flow_offloading '1'` kwa njia ya mkato ya keneli, na `option flow_offloading_hw '1'` kwa sakiti. Anza na mstari wa kwanza peke yake, pima, kisha ongeza wa pili. Anayewasha yote mawili kwa pamoja na kupata hitilafu hatajua aulaumu upande upi.

Swali: Je, ni lazima nijenge programu yote kutoka kwenye msimbo chanzo ili nipate faida hiyo? Nilijaribu mara moja, nikafanikiwa kuisakinisha, lakini sasa kila moduli (kipande cha nyongeza) ya keneli ninayotaka kuongeza inakataliwa, ikisema keneli hailingani.

Jibu: Si lazima, na kwa wasomaji wengi ningeshauri wasianzie huko. OpenWrt inatoa zana iitwayo Image Builder ambayo haikompaili chochote, yaani haigeuzi msimbo chanzo kuwa programu: inachukua keneli na vifurushi vilivyokwisha kujengwa na mradi wenyewe, unavitaja vile unavyotaka na vile usivyovitaka, nayo inakuunganishia faili moja la kusakinisha kwa dakika chache. Amri yake ni `make image`, ikifuatiwa na `PROFILE=` pamoja na jina la ruta yako, na `PACKAGES=` pamoja na orodha ya vifurushi. Ukiweka mipangilio yako katika folda na kuitaja kwa `FILES=`, ruta itawaka ikiwa tayari imepangwa unavyotaka, na njia ya mkato imewashwa.

Kujenga kutoka kwenye msimbo chanzo kuna maana pale unapotaka kubadilisha keneli yenyewe, kutumia kiraka ambacho hakijaingizwa katika mradi mkuu, au kuhudumia ruta ambayo bado haijakubaliwa rasmi. Kazi inakwenda hivi. Unachukua msimbo kwa `git clone`, unahamia kwenye lebo ya toleo thabiti badala ya tawi linalobadilika kila siku, unaendesha `./scripts/feeds update -a` na kisha `./scripts/feeds install -a`, unachagua chipu, ruta na vifurushi ndani ya `make menuconfig`, unapakua vyanzo vyote kwa `make download`, ndipo unapoandika `make` na kusubiri. Mara ya kwanza kusubiri ni kwa muda mrefu, kwa sababu mfumo unajenga kwanza kompaila yake wenyewe, kabla ya mstari mmoja wa programu ya ruta kuguswa. Usifanye kazi hii ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), usiweke msimbo kwenye folda yenye nafasi katika jina lake, na hakikisha mfumo wa faili unatofautisha herufi kubwa na ndogo. Ujenzi ukikwama, rudia kwa `make -j1 V=s`: kiini kimoja kinafanya kazi, kila hatua inaandikwa, na kosa halisi linaonekana badala ya kufunikwa na ujumbe wa kazi nyingine zilizokuwa zikienda sambamba.

Kuhusu moduli zinazokataliwa, sababu iko hapa. Keneli ya OpenWrt hubeba alama inayokokotolewa kutokana na mipangilio iliyotumika kuijenga. Ukigeuza chaguo moja tu la keneli, alama inakuwa nyingine, na moduli zote zilizoko kwenye hazina rasmi zinageuka kuwa za keneli nyingine. Kukataliwa huko kunakulinda, kwa hiyo tafadhali usilazimishe kwa vitufe vya kupuuza utegemezi. Moduli iliyojengwa kwa mipangilio tofauti inaweza kuiangusha keneli ikiwa katikati ya kazi. Dawa ni kurudi kwenye `make menuconfig`, kuziweka ndani ya faili la kusakinisha moduli zote unazozihitaji sasa, na zile unazodhani utazihitaji baadaye kuzitia alama ya M ili zijengwe kando kama vifurushi. Hifadhi vifurushi hivyo pamoja na faili la ujenzi huohuo. Hifadhi pia matokeo ya `./scripts/diffconfig.sh`, ambayo ni mistari michache inayoonyesha tu ulichobadilisha, kwani baada ya miezi sita hutakumbuka.

Swali: Nimeona matoleo yaliyojengwa na watu binafsi yakitangazwa kuwa yana kasi kwa sababu yana BBR, yamekompailiwa kwa `-O3`, na yana NAT ya aina ya full cone. Je, mambo hayo matatu yanasaidia?

Jibu: Kwa usafirishaji wa pakiti, karibu hayasaidii chochote, na inanisikitisha kuona wasomaji wakisakinisha programu ya mtu wasiyemjua kwa ahadi kama hizo. BBR ni mbinu ya kudhibiti kasi ya TCP, na hutumiwa na kompyuta inayotuma data. Ruta yako haitumi data ya filamu wala ya faili unalopakua, inaipitisha tu. Itafaa ikiwa ruta yenyewe ndiyo seva ya mafaili au wakala wa TCP, basi.

`-O3` ni amri ya kuboresha kasi ambayo kompaila hupewa, na mara nyingi inahusu programu za kawaida zinazokaa nje ya keneli, ilhali pakiti zinapita ndani ya keneli. Isitoshe, `-O3` inanenepesha msimbo, na prosesa ndogo zina kashe ndogo. Msimbo mnene unaweza kuwa wa polepole kuliko mwembamba. Kwa muda mrefu OpenWrt ilikuwa ikikompaili programu zake kwa kulenga udogo. NAT ya full cone nayo inahusu nani anaruhusiwa kuanza kuzungumza na kompyuta yako kutoka nje, jambo linalowagusa wachezaji wa michezo ya mtandaoni, lakini haiongezi pakiti hata moja kwa sekunde.

Kinachosaidia kweli, kando ya jedwali la mikondo, ni kugawa kazi kwenye viini vyote vya prosesa. Katika `/etc/config/network`, sehemu ya `globals`, kuna chaguo la `packet_steering`. Bila mgao huo, kiini kimoja kinaweza kubeba mzigo wote wa mlango wakati vingine vimekaa bure.

Swali: Nimewasha njia ya mkato kwa sakiti na kasi imepanda sana. Lakini sasa mtu akianza kupakia picha, simu za video zinakatikakatika, jambo ambalo halikuwepo nilipokuwa natumia SQM.

Jibu: Mambo hayo mawili yanavutana, na hakuna mpangilio utakaoyapatanisha kikamilifu. SQM, yaani mfumo wa kusimamia foleni za pakiti, hasa ikitumia kanuni ya foleni iitwayo cake, ambayo iliingia katika keneli ya Linux toleo la 4.19, hufanya kazi kwa kuhakikisha foleni inakaa ndani ya ruta yako badala ya kukaa ndani ya modemu au kwa mtoa huduma, kisha inaigawa foleni hiyo kwa haki ili pakiti ya simu isisimame nyuma ya pakiti elfu za picha. Ili ifanye hivyo, lazima kila pakiti ipite mikononi mwake. Sakiti ya pembeni inazipitisha pakiti bila prosesa kuziona, kwa hiyo cake inabaki kusimamia foleni tupu. Hata njia ya mkato ya keneli haipatani vizuri na SQM.

Uamuzi wangu binafsi ni huu. Ikiwa laini yako ni ya kasi ambayo prosesa inaimudu huku cake ikifanya kazi, zima njia ya mkato na ubaki na SQM, kwa sababu mazungumzo yasiyokatika yana thamani kuliko namba kubwa kwenye kipimo. Ikiwa laini ni ya gigabiti pande zote mbili na haijai mara kwa mara, washa njia ya mkato na uachane na SQM. Wenye tabu ni wale ambao upakuaji wao ni wa kasi kubwa na upakiaji ni mdogo, kama wewe. Hao wanahitaji ruta yenye prosesa ya nguvu zaidi, au wakubali kupunguza kasi ya kupakua ili cake iweze kufuata. Ningekuwa wewe, ningekubali kupunguza.

Swali: Nitajuaje kwamba njia ya mkato inafanya kazi kweli?

Jibu: Anza kupakua faili kubwa kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya, kisha ndani ya ruta andika `cat /proc/net/nf_conntrack`. Utaona mstari kwa kila muunganisho. Ule wa upakuaji wako utakuwa na neno `[OFFLOAD]` karibu na mwisho, au `[HW_OFFLOAD]` ikiwa umekabidhiwa sakiti. Miunganisho mingine haitakuwa na neno hilo, nayo ni sahihi: ile ambayo ndiyo kwanza inaanza, ile inayohitaji msaidizi wa itifaki kama FTP, na ile ya ICMP (kama ping) hubaki kwenye njia ndefu. Mkondo usipopitisha chochote kwa nusu dakika hivi, nao huondolewa kwenye jedwali mpaka utakapoamka tena.

Kwa kipimo, tumia iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kati ya kompyuta mbili, moja upande wa nje wa ruta na nyingine upande wa ndani. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuendesha iperf3 ndani ya ruta yenyewe. Hapo unapima uwezo wa prosesa ndogo kutengeneza data, na matokeo yatakuwa duni hata kama usafirishaji ni mzuri. Wakati kipimo kikiendelea, fungua `top` na utazame `sirq`. Hiyo ni sehemu ya muda wa prosesa inayoliwa na kazi za mtandao. Kasi ikiwa imegota na `sirq` imejaa, prosesa ndiyo kikwazo. Kasi ikiwa imegota na prosesa imepumzika, usiguse tena programu ya ruta. Tafuta kwenye waya, kwenye modemu au kwenye laini. Na usipime kwa Wi-Fi, kwani utakuwa unapima hewa.

Swali: Naogopa kuiua ruta. Nifanye nini kabla ya kusakinisha?

Jibu: Hofu yako ina msingi, nami nitakueleza kwa nini. Miaka kadhaa iliyopita niliandika upya kumbukumbu yote ya ruta yangu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa nilidhani ni njia safi zaidi. Ruta iliwaka, milango ya waya ikafanya kazi, lakini Wi-Fi haikuvuka chumba kimoja na anwani ya MAC ilikuwa ya kubuni. Nilikuwa nimefuta sehemu ndogo inayohifadhi vipimo vya redio, ambavyo hupimwa kiwandani kwa kila kifaa peke yake. Nakala ya ruta ya mtu mwingine haifai badala yake, na nakala ya yangu sikuwa nayo.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, soma `/proc/mtd`, ambayo ni orodha ya sehemu za kumbukumbu ya ruta, tambua sehemu ambayo kwa kawaida huitwa `factory` au `ART`, inakili, na uitunze nje ya ruta. Linganisha alama ya sha256 ya faili unalotaka kusakinisha na ile iliyoko kwenye folda ya `bin/targets`. Tofautisha mafaili mawili: lenye neno `factory` ni la kusakinisha ukitoka kwenye programu ya kiwandani, na lenye `sysupgrade` ni la kutoka OpenWrt kwenda OpenWrt. Jifunze mapema namna ruta yako inavyookolewa, iwe kwa TFTP (njia ya kutuma faili kupitia mtandao) au kwa ukurasa wa dharura wa kipakiaji chake (bootloader). Ukilazimika kutumia waya wa siria (serial), hakikisha ni wa volti 3.3, kwani wa volti 5 unaweza kuunguza chipu, na usiunganishe waya wake wa umeme.

Swali: Niliweka sheria ya ngome inayozuia intaneti kwenye vifaa vya watoto kuanzia saa tatu usiku. Tangu niwashe njia ya mkato, kurasa mpya hazifunguki baada ya saa hiyo, lakini video iliyokwisha kuanza inaendelea. Je, ngome imeharibika?

Jibu: Ngome ni nzima. Inaulizwa mwanzoni mwa muunganisho, na ikishakubali, pakiti zinazofuata hazipiti tena mbele yake. Video iliyoanza saa tatu kasorobo iko tayari kwenye jedwali la mikondo, na sheria yako haiioni. Kwa sababu hiyohiyo, kaunta za sheria za ngome zitaonyesha pakiti chache kuliko zilizopita, jambo la kuzingatia kwa yeyote anayezitumia kupima matumizi ya data.

Sakinisha kifurushi cha `conntrack`, kisha uongeze kwenye cron, kiratibu cha kazi za saa maalumu, amri ya `conntrack -D -s` ikifuatiwa na anwani ya IP ya kifaa, iendeshwe dakika moja baada ya sheria kuanza. Muunganisho ukifutwa kwenye orodha, keneli inauondoa na kwenye jedwali la mikondo baada ya muda mfupi. Pakiti inayofuata itarudi kwenye njia ndefu, itakutana na sheria yako, na haitapita. Kifaa kipewe anwani ya kudumu kwanza, na kama kinatumia IPv6, andika mstari wa pili wenye `-f ipv6` na anwani yake ya huko, la sivyo video itaendelea kwa upande huo.